Nani Anaishi Hapa? Mwongozo wa Kuwafundisha Watoto Wadogo Makazi ya Wanyama na Mimea

Kila muhula maswali ni yale yale. Mwalimu wa awali aliyefikia mada ya mazingira anauliza: picha nitatoa wapi? Mwenzake anauliza: watoto wangu 70, mimi peke yangu, nitawatoaje nje? Mzazi naye anataka kujua kama mtoto wa miaka minne anaelewa kitu kinachoitwa makazi, au ni kumchosha bure. Badala ya kumjibu mmoja mmoja nimeyaweka yote hapa. Mwongozo unawafaa watoto wa miaka 4 hadi 8, yaani awali mpaka darasa la pili, na unaweza kuufuata shuleni au nyumbani.

Tuelewane kwanza. Mtoto anayeimba “simba anaishi porini, samaki anaishi majini, ndege anaishi kwenye kiota” bado hajajifunza makazi, amekariri anwani. Tena hiyo ya ndege si sahihi: kiota ni cha kutagia na kulelea makinda, na kazi hiyo ikiisha ndege wengi hulala matawini. Mtoto ameelewa makazi siku atakapokwambia kiumbe fulani anapata nini pale alipo, na akihamishwa atakosa nini. Hatua zote hapa chini zinaelekea huko.

Nadharia unayoihitaji ni hii tu. Kwa mnyama, maswali manne: Anakula nini? Maji anapata wapi? Anajificha wapi? Watoto wake anawalea wapi? Kwa mmea, uliza kuhusu mwanga, maji, udongo na nafasi. Yashike kichwani, maana utayauliza mpaka watoto waanze kukuuliza wewe.

Vitu vya kuandaa

- Matairi makuukuu ya baiskeli, yale yale wanayoyasukuma mtaani. Tairi moja kwa watoto 5 au 6. Ukikosa, kata kamba ya katani vipande vya mita 3, funga kila kipande kiwe duara.
- Makopo 3 ya ukubwa mmoja yaliyotobolewa chini, udongo, maharage, na boksi moja lisilopitisha mwanga.
- Karatasi ya manila, au nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, na maka peni.
- Fimbo ndefu na kijiko kikuukuu.
- Ndoo ya maji na sabuni.
- Mtu mzima wa pili. Anaweza kuwa mzazi, mlinzi wa shule, au mpishi akishaipua uji.

Picha za rangi si lazima, projekta si lazima, hata kioo cha kukuzia si lazima. Ukiwa navyo, vitumie mwishoni, watoto wakishaviona viumbe vyenyewe kwa macho. Ukianza na picha, wakitoka nje watakuwa wanamtafuta twiga.

Siku moja kabla: kagua eneo

Hili usiliruke hata kama uwanja unaufahamu. Pita polepole na fimbo, chokoachokoa majani na magugu. Unatafuta chupa zilizovunjika, njia ya siafu, matundu yanayoweza kuwa ya nyoka, na mizinga ya nyigu chini ya paa au kwenye matawi ya chini. Angalia mimea pia. Upupu hupenda kutambaa kwenye ua na vichaka vya pembeni, na vinyweleo vyake vikimgusa mtoto mmoja, kipindi kimekwisha. Mnyaa, ambao shule nyingi zimeupanda kuwa uzio, una utomvu mweupe unaounguza macho vibaya. Mbarika na mbono kaburi zina mbegu zinazovutia mtoto mdogo kuzichezea, na zote mbili zina sumu zikiliwa. Chora mstari ardhini, au tandika kamba, kuwaonyesha watoto mwisho wa eneo lao.

Hatua kwa hatua

1. Chagua mahali pamoja, penye sura mbili. Kinachofaa zaidi ni mti mkubwa wenye kivuli, mwembe au mkungu au mwarobaini, na hatua chache pembeni yake pawe wazi, juani. Nenda kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi. Baada ya hapo jua likishika, wadudu wanajificha na watoto wanachoka. Msimu nao una neno lake: wiki za kwanza za vuli au masika ndizo zenye viumbe wengi, lakini kiangazi nacho usikiache, kwa sababu nitakayoieleza kwenye hatua ya 4.

2. Fundisha kanuni tatu mkiwa bado darasani. Macho kwanza, mikono baadaye. Hakuna kinachoingia mdomoni. Ulichokiinua, kirudishe kama kilivyokuwa. Wafanyishe mazoezi: weka kitabu sakafuni kiwe “jiwe”, mtoto akiinue, achungulie, akirudishe taratibu. Wataona ni mchezo, na huko nje utaokoa sauti yako.

3. Weka tairi kivulini. Kila kikundi kinachuchumaa kuzunguka tairi lake na hakitazami nje ya tairi. Hii ndiyo siri ya kazi yote. Mtoto ukimwambia “angalia mazingira” ataangalia rafiki zake. Ukimwambia “angalia ndani ya tairi” ataona. Wape dakika moja ya kimya, kisha pita kikundi hadi kikundi ukiuliza. Mazungumzo yawe mafupi namna hii:

“Ticha, kuna jongoo!”
“Haya, anakula nini hapo?”
“Majani.”
“Mabichi au makavu?”
(Wanainama tena.) “Yaliyooza!”
“Maji anapata wapi? Gusa chini ya majani.”
“Kuna ubaridi. Kumelowa.”

Usimwambie jibu linaloonekana au linalogusika. Mtoto aliyegusa ule unyevu chini ya majani hahitaji kuambiwa jongoo anapenda unyevunyevu. Jiwe likiwa ndani ya tairi, liinue wewe, si mtoto. Shika ukingo ulio mbali nawe uuvute kuja kwako, ili jiwe libaki kati ya miguu yako na kilichomo. Nge au tandu akiwepo atatokea upande wa pili, kwa hiyo upande huo pasiwe na mtoto. Mkishatazama, lirudishe: kwa walioko chini yake lile jiwe ndilo paa, na watoto wa umri huu wanalielewa hilo mara moja.

4. Hamisha tairi juani. Kikundi kile kile, tairi lile lile, hatua chache tu pembeni. Jongoo hayupo. Kuna nyasi, labda panzi, sisimizi wanaopita mbio, udongo wa moto. Sasa swali moja: “Kwa nini jongoo hayuko hapa?” Nyamaza usubiri. Majibu ya kwanza yatakuwa ya ajabu (“ameenda kwao”, “anaogopa Juma”), yapokee. Halafu mwambie mmoja aweke kiganja ardhini hapa, akimbie akakiweke kule kivulini, arudi atoe taarifa. Jibu litakuja.

Kama muda unaruhusu, rudia hatua ya 3 na ya 4 mahali pale pale msimu ukibadilika. Watoto walioona jongoo wengi wakati wa mvua wakakuta hakuna hata mmoja Agosti wanapata somo kubwa kuliko chati yoyote: makazi ni yale yale kwa jina, lakini maji yakiondoka, wakazi nao wanaondoka au wanajichimbia.

5. Tafuta mchwa. Karibu kila mti mkubwa au nguzo ya zamani ina zile njia nyembamba za udongo zinazopanda juu ya gome. Kwa kijiko, kwangua kipande chenye upana wa kidole kimoja, kisha watoto watulie. Kwanza utawaona mchwa weupe wakihangaika pale palipobomoka. Kisha askari wenye vichwa vikubwa vya kahawia wanasimama ukingoni mwa tundu. Nyuma yao vibarua wanaleta udongo, punje kwa punje, na wakiendelea bila kubughudhiwa utaona kiraka kibichi chenye rangi iliyokolea kuliko udongo wa zamani. Wakati wanasubiri, uliza: anajificha nini huyu? Mwili wa mchwa ni laini na hukauka upesi juani, tena sisimizi wakimkuta nje wanamla. Njia ile ya udongo ndiyo inayomwezesha kwenda kwenye chakula bila kutoka nyumbani. Kwa watoto wa darasa la kwanza na la pili hiki ndicho kipengele ninachokipenda kuliko vyote, maana hapo wanaona kiumbe akiyatengeneza makazi yake mwenyewe mbele ya macho yao. Msikwangue zaidi ya mara moja.

6. Sasa mimea. Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo soma kwa utulivu. Panda maharage matatu matatu katika kila kopo. Yaache makopo yote matatu dirishani, uyamwagilie sawasawa, mpaka kila moja liwe na miche yenye majani mawili yaliyofunguka. Hiyo ni kama siku 7 hadi 10. Hapo ndipo uyatenganishe: kopo la kwanza libaki dirishani na maji, la pili libaki dirishani bila maji, la tatu lipate maji lakini lifunikwe na boksi.

Kosa la kawaida ni kuifunika mbegu gizani tangu siku ya kwanza. Maharage huota gizani bila shida, kwa sababu chakula cha kuanzia kimo ndani ya mbegu yenyewe. Tena mche wa gizani hurefuka upesi kuwapita wenzake, ukitafuta mwanga. Watoto watashangilia kwamba wa gizani ndiye mshindi, na utakuwa umefundisha kinyume. Ukianza na miche iliyokwisha kuota, baada ya wiki moja tofauti inaonekana: usiopata maji umenyauka, na wa gizani umekuwa mrefu, mwembamba, wa manjano, hauwezi kusimama. Waulize yupi ungempeleka shambani.

Ukimaliza hapo, watoke nje wawatafute “wajanja wa ukame.” Mbuyu hupukutisha majani kiangazi na huhifadhi maji kwenye shina lake nene. Dungusi lina majani yaliyogeuka miiba, na maji yake yamo kwenye shina nono la kijani. Mkonge una majani manene yenye nta. Ukiwa karibu na kinamasi, linganisha na yungiyungi lenye jani pana linaloelea. Huna haja ya kutaja maneno ya kitaalamu, mtoto anachotakiwa kusema ni “huyu ameweka maji tumboni.”

7. Tengenezeni chati moja ya darasa. Gawa manila sehemu tatu: kivulini, juani, majini. Kila mtoto anachora kiumbe alichokiona yeye mwenyewe, anakikata, anakibandika. Ambacho hakuna aliyekiona hakibandikwi leo. Kanuni hii itakuletea ubishi, hasa kutoka kwa mpenzi wa papa, lakini isimamie.

8. Chezeni “Mti umekatwa.” Chora duara kubwa tatu uwanjani: mti, maji, nyasi. Watoto ni ndege. Ukipiga makofi wanaruka kwenda kwenye mahitaji yao: ukisema “njaa” wanakwenda kwenye nyasi, “kiu” kwenye maji, “usiku” kwenye mti. Wakishazoea, futa duara la mti kwa mguu na sema “usiku!” Watakimbia, watagongana, watabaki wamesimama. Waulize waende wapi. Mchezo unachukua dakika 10, na hauhitaji maelezo baada yake.

9. Simulia kisa cha chura wa Kihansi. Ni kisa cha kweli na ni cha Tanzania. Katika bonde la Mto Kihansi, milima ya Udzungwa, kulikuwa na chura mdogo wa manjano asiyezidi sentimita 3, anayezaa badala ya kutaga mayai. Aliishi mahali pamoja tu duniani: pembeni mwa maporomoko, kwenye eneo la kama hekta 2, karibu viwanja vitatu vya mpira, ambako maji yanayoanguka yalilowesha mimea kwa manyunyu usiku na mchana. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mto ulizuiwa kwa bwawa la kufua umeme. Manyunyu yakapungua. Mabomba ya kunyunyizia maji yaliwekwa, lakini chura waliendelea kupungua, na ugonjwa wa ngozi unaoletwa na kuvu ukawamalizia. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini. Bahati nzuri baadhi yao walikuwa wamepelekwa Marekani mapema, wakatunzwa na kuzaliana kwenye bustani za wanyama, na mwaka 2012 kizazi chao kikaanza kurudishwa Kihansi.

Kwa watoto wa awali fupisha: palikuwa na chura, palikuwa na manyunyu, manyunyu yakaisha. Kisha usiwaambie kilichompata chura. Waulize. Waliocheza mchezo wa mti watakujibu.

10. Pima uelewa kwa mdomo, mtoto mmoja mmoja, dakika moja kila mmoja. Mpe kiumbe ambacho hamkukizungumzia, na mahali pasipomfaa: “Bata nikimpeleka juu ya paa la bati, atakosa nini?” Akitaja mahitaji mawili amefaulu. Mtihani wa kuandika wa kuchora mstari kutoka simba hadi pori unapima ile anwani tu. Kwa walioko Unguja, jaribu kima punju wa Jozani: anakula majani, analala mitini, na hula hata makaa, ambayo husaidia kupunguza ukali wa sumu iliyomo kwenye baadhi ya majani anayokula. Watoto hucheka sana wakisikia makaa, halafu hawasahau.

Kama uko Pwani

Una bahati, lakini una kazi ya ziada. Mikoko na ufuo ni darasa zuri kupita kiasi kwa mada hii, kwa sababu makazi yanabadilika mbele ya mtoto: saa hii ni nchi kavu, saa sita baadaye ni bahari.

Jambo la kwanza ni maji. Hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na nyakati husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila siku, kwa hiyo ratiba ya jana haifai leo. Muulize mvuvi au mama anayekusanya chaza. Watakwambia bila kutazama karatasi. Fika kama saa moja kabla ya maji kupwa kabisa, na uwe umekwisha kuwatoa watoto yanapoanza kurudi. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji huenda mbali sana na kuacha mengi ya kuona, lakini hurudi kwa kasi. Watoto wa awali usiwapeleke mwambani wakati huo. Bakini juu, ukingoni mwa mikoko. Mtu mzima mmoja kwa kila watoto 5, pasipungue. Viatu viwe vya kufunika, maana kandambili zinabaki kwenye tope. Yavuyavu, wale viumbe laini wa baharini wanaowasha, wasiguswe hata wakiwa wamekauka mchangani, na makombe yenye umbo la koni yaachwe yalipo, maana konokono wa aina hiyo huchoma na wapo wanaoweza kuua mtu.

Mkishafika, kazi ni mbili tu. Ya kwanza ni kaa wadogo wa kwenye tope, wale ambao dume ana gando moja kubwa. Watoto wakifika kwa kelele wote wanaingia mashimoni na uwanja unabaki mtupu. Wasimamishe wote mahali pamoja, kimya, wahesabu moyoni mpaka 50. Macho yatachungulia kwanza. Kisha kaa mmoja anatoka nusu, anasimama, anatoka mzima, anaanza kuokota tope na kulipeleka mdomoni kwa gando dogo. Maswali matatu kati ya yale manne yanajibika papo hapo: chakula ni kilichomo kwenye tope, maji yamo ndani ya shimo, maficho ni shimo. Swali la watoto wake ni gumu kidogo, liache kwa wa darasa la pili: vitoto vya kaa huanza maisha vikielea baharini.

Kazi ya pili ni mizizi. Mkoko una mizizi iliyojipinda kama miguu mingi, na mchu, mti mwingine wa jamii ya mikoko, una vijiti vinavyochomoza kutoka kwenye tope. Vijiti hivyo vinaupa mti hewa, kwani tope lile halina. Siku ya jua kali, watoto wapitishe kidole chini ya jani la mchu: wataona chembe nyeupe za chumvi ambayo mti umeitoa. Watatamani kulamba, lakini kanuni ya mdomo inabaki pale pale. Okoteni pia tunda la mkoko lililoanguka, lile refu kama mkuki. Limechipua likiwa bado kwa mama yake. Litupeni kwenye ndoo ya maji ya bahari muone linavyoelea. Ndivyo linavyosafiri kwenda kutafuta tope jingine.

Usifanye haya

Usiwaweke wanyama kwenye makopo wakakaa darasani. Viluwiluwi kwenye chupa ni sawa kwa dakika chache, kisha virudi dimbwini. Maji yakikaa wiki na zaidi bila kumwagwa utakuwa unafuga mbu. Jongoo akishikwa hujikunja na kutoa majimaji yanayochafua vidole na kuwasha macho, kwa hiyo watoto wote wanawe kwa sabuni kabla ya uji.

Usianze na dubu wa theluji na pengwini kwa sababu tu wamo kwenye bango la dukani. Watakuja baadaye. Na usiseme simba anaishi katikati ya msitu mnene. Anaishi kwenye nyika na mapori ya wazi, na rangi yake inafanana na nyasi zilizokauka, ndiyo maana anaweza kujificha pale ambapo wewe unaona uwazi mtupu.

Ukikwama

*Watoto ni 70.* Usiwatoe wote. Gawa darasa mafungu matatu, toa fungu moja kwa siku, matairi manne. Waliobaki wanachora au wanaimba na yule mtu mzima wa pili. Mada itachukua wiki badala ya siku moja, na hakuna ubaya.

*Tumeangalia hatukuona kitu.* Jioni ya siku iliyotangulia, lowesha gunia kuukuu, ulitandike chini ya mti, weka mawe pembeni lisipeperuke. Asubuhi lifunue wewe kwa fimbo. Chini yake kutakuwa na wakazi.

*Watoto wanaua kila mdudu.* Nyumbani wamefundishwa kwamba mdudu ni wa kukanyagwa. Usigombe. Mpe yule mkanyagaji mkuu kazi ya kulinda tairi, asikanyage mtu. Karibu kila mara inafaulu.

*Kuna anayeogopa, analia.* Muache asimame nyuma yako awe mwandishi: wenzake wanamtajia, yeye anaweka alama kwenye karatasi. Wengi husogea wenyewe siku ya pili. Usimshikishe mdudu kwa nguvu.

*Kameuliza kitu sikijui.* Sema “twende tukaangalie.” Mtoto akikuuliza popo anakunywaje maji, jibu la “tutaona jioni” lina heshima kuliko jibu la kubuni.

*Na mifugo je? Kuku makazi yake ni wapi?* Tumia maswali yale yale, halafu ongeza moja: nani anampa? Mtoto atagundua kwamba banda na pumba vinatoka kwa mama, lakini wadudu anaowaparua kuku uani anajitafutia mwenyewe.

*Tunaishi ghorofani, hatuna uwanja.* Mna mjusi kafiri. Zimeni taa zote jioni, bakizeni moja ya varanda, mkae na mtoto mumtazame mjusi akiwasubiri wadudu wanaofuata mwanga. Kesho yake hamisheni taa, muone kama atahama.

*Mwanangu anasema makazi ya mende ni jikoni kwetu. Nimsahihishe?* La, yuko sawa kabisa. Muulize maswali manne: anakula nini, maji anapata wapi, anajificha wapi, anataga wapi. Akishataja makombo, sinki lililolowa na nyufa za nyuma ya kabati, muulize vipi tungemkosesha hayo. Halafu mpe kitambaa.